Nani Anabomoa Ukuta wa Ngome Yako

Chumba cha Uani,
Nyumba yenye Geti la Kijani.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana barua hii ni ndefu, na ukiisoma umesimama juu ya ngazi utaangusha bisibisi. Hujambo? Kile kikohozi ulichoniandikia kimekwisha au umekizoea tu? Na hizo lifti mnazozitengeneza huko, bado zinapenda kukwama ghorofa ya sita? Sisi wazima. Goti la mama yako linatabiri mvua kuliko redio. Macho yangu bado yanaona meno ya gurudumu la saa ya mkononi, ila mtu akiwa ng'ambo ya barabara namsalimia kwa kukisia. Baba yako mzima pia, na habari zake ndizo barua yenyewe.

Kabla ya yote, natangaza rasmi, kwako na kwa ukoo mzima, waliopo na watakaozaliwa, kwamba ile stuli fupi ya sebuleni imehama. Imehama kutoka chini ya dirisha hadi mbele ya televisheni, na miguu yake imeacha alama mpya kwenye zulia. Mtu mwingine angepita akaenda zake. Mimi nimekaa miaka thelathini na lenzi jichoni nikitafuta vumbi lililosimamisha saa ya watu, na stuli si vumbi.

Mistari yako miwili niliipata. "Mwezi wa sita nikija nitafikia kwa rafiki yangu. Hiyo mashine ya michezo mpeni yeyote anayeitaka." Nimeisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Sasa nakuomba kitu kimoja: usimpe huyo rafiki jibu mpaka umalize karatasi hizi. Mistari ile ilitokana na barua yangu ya Januari, ambamo nilikwambia kwamba baba yako anaibomoa ngome yako ndani ya ule mchezo. Barua ile ilikuwa na kosa. Naandika hivyo kwa wino ili kesho nisije nikajikana.

Ngoja nikupe uchunguzi wenyewe, maana Januari nilikupa hukumu tu.

Stuli ilihama Desemba. Nikaanza kumtazama baba yako bila kumtazama. Unamjua, si mtu wa kupumzika Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku watu wanakumbuka kwamba taa ya choo haiwaki. Ghafla akawa anarudi saa saba mchana, anavua buti, anafunga mlango wa sebule. Nikapita kuuliza kama ameona koleo langu dogo. Nikamkuta kwenye stuli, magoti yamefika masikioni, televisheni imezimwa muda huohuo, maana kioo chake kilikuwa bado kinatoa joto. Akaniambia anapima soketi. Nikamwambia pole na kazi. Lakini soketi gani, mpwa wangu, inayopimwa kwa muda wa saa tatu mtu amekaa?

Jumanne akiwa kazini nikaiwasha mwenyewe hiyo mashine ya michezo. Mtaa huu haujapata kuwa na mtu wa kunifundisha chochote, na sikuona sababu ya kuanza kumtafuta. Daftari lako la mazoezi nililikuta kwenye droo chini ya televisheni, lile lenye jalada lililochanika, ulilojiandikia mambo ya mchezo. Nikalisoma huku pedi ya kuchezea iko mapajani.

Wewe mchezo unaujua, ila nakueleza nilivyouelewa mimi ili uone nilipoteleza wapi. Mtu anapewa dunia nzima, misitu na mito na milima, na hakuna wa kumwambia aende upande gani. Na kitu cha kwanza anachofanya, kwa mujibu wa daftari lako, ni kutafuta kipande cha uwanja, kusimika nguzo ya bendera na kujizungushia ukuta. Nimelifikiria sana jambo hilo na sijapata la kuongeza.

Unakata mti, unapata gogo, gogo unalipasua mbao. Ukuta hausimami bila msingi. Boriti ndefu isiyo na nguzo chini yake inaanguka, hata kama umeipenda. Na kadiri unavyojaza masanduku ndivyo wavamizi wanavyokuja, kwa hiyo mtu anahangaika wiki nzima kukusanya kitu cha kuibiwa. Nilifika ukurasa wa kumi na mbili, nikajiona nimeelewa, nikalifunga daftari. Shika ukurasa huo wa kumi na mbili.

Nikaikagua ngome yako. Ukuta wa mashariki ulikuwa na tundu la kupitisha ng'ombe na mwenye ng'ombe. Sanduku la mbao lilikuwa na mbao tisa. Nikakumbuka ile siku uliyoondoka, mizigo yako iko mlangoni, na baba yako amesimama hapo na bisibisi mkononi akikwambia, "Ukitoka mlango huu, vitu vyako sivilindi." Ukatoka. Yeye akarudi kukaza skrubu ya swichi ambayo haikuwa imelegea. Sasa mtu wa namna hiyo nikimkuta kila Jumamosi mbele ya ngome ya mwanawe aliyekataa kufanya naye kazi ya umeme, na ngome ina tundu, ningefikiri nini? Nikafikiri. Nikakuandikia. Wewe tundu ulilijua, lakini mimi niliandika "anabomoa" kwa herufi zilizotoboa karatasi, na mtu akishapandwa na hasira hasimami kuuliza ni tundu lipi.

Jibu lako mama yako alilisoma mezani kwa sauti, akidhani ni habari za kikohozi. Alipofika kwenye "kwa rafiki yangu" sauti ikapungua kama redio inayoishiwa betri. Baba yako akaweka kijiko chini polepole, akaenda kukagua meni swichi ya umeme wa nyumba. Meni swichi haikuwa na tatizo. Alikaa nayo mpaka chakula kikapoa.

Nikaona mtu mwenye hatia. Nikaamua kumnasa.

Niliazima saa moja ya ukutani ya mteja, yenye kioo kipana, nikaileta kwenye kimeza changu pale kwenye korido, nikaiinamisha mpaka kioo chake kikaonyesha sebule kupitia ufa wa mlango. Jumamosi ilipofika nikainama, lenzi jichoni, nikijifanya hamnazo. Mteja akija kuuliza saa yake ningemwambia bado naitazama, na isingekuwa uongo.

Mpwa wangu, niliona mwanamume wa miaka sitini na moja akikata miti. Alikata kwa zamu, mti mmoja hapa mmoja kule, bila kumaliza kichaka, kama anayejua atarudi. Alipasua mbao. Alibeba mawe kutoka mtoni, safari baada ya safari, na kila akipita getini aligeuka kulifunga. Akaweka msingi, akarudi nyuma kuutazama, akautoa, akauweka tena sawasawa na ukuta wa zamani. Lile tundu lilizibwa mpaka nikashindwa kuonyesha lilikuwa wapi. Kisha akamsimamisha yule shujaa wako wa mchezo nje ya mlango wa chumba chako cha ngomeni, akamwacha hapo kama askari wa zamu, akanyanyuka, akachomoa waya ukutani, akauviringisha kwenye kiwiko. Si unajua desturi yake. Kazi ikiisha, moto wa umeme unakatwa kwenye chanzo. Ameshawafokea watu wazima kwa kuzima taa na kuacha swichi ya ukutani.

Nilibaki nimeinama muda mrefu. Shingo ikagoma. Kumbe hapa hakuna anayebomoa, nikasema, nikajiona mjinga.

Ujinga huo ulidumu siku tatu. Jumanne nikawasha, tundu liko palepale. Ng'ombe na mwenye ng'ombe. Mbao tisa.

Hapo nywele zilinisimama kidogo, na unajua sinazo nyingi. Nyumba hii ina watu watatu. Mmoja anajenga. Mmoja ni mimi. Nikaenda jikoni, nikamzunguka dada yangu kwa maneno, nikimuuliza kama siku za kazi huwa anawasha televisheni, kama kuna vitu sebuleni vinamkera, kama amewahi kuchoshwa na ukuta wowote. Hakugeuka hata kidogo.

"Kaka, mimi nikitaka kuharibu kitu cha mume wangu nitaanza na lile koti lake la kijani. Ondoka kwenye mwanga."

Nikamfuta kwenye orodha, kwa penseli.

Wiki hiyohiyo nikagundua kwamba mimi mwenyewe natazamwa. Kwenye droo ya daftari palikuwa na kipande cha utepe mweusi, ule wa kufungia nyaya, kimebandikwa katikati ya droo na fremu yake, kidogo kama kucha. Mtu alikuwa ananitega. Nikakibandua, nikafanya yangu, nikakirudisha palepale kwa kibanio changu cha saa. Nilijisifu siku nzima. Na hapo ndipo nilipojichongea, kwa sababu yeye alikibandika upande kama mtu mwenye haraka, na mimi nilikirudisha kimenyooka.

Jana Jumamosi baba yako hakufunga mlango wa sebule. Aliniita. Nilimkuta kwenye stuli, ngome iko kwenye kioo, tundu wazi. Ule utepe ulikuwa kwenye ncha ya kidole chake.

"Shemeji," akasema, taratibu, "nakuheshimu. Wewe ni kaka wa mke wangu, na chumba cha uani ni chako mpaka Mungu atakapokuita. Lakini ukuta wa mtoto umekukosea nini?"

Nikamwambia nilikuwa na swali hilohilo, nilikuwa nimelitunza kwa ajili yake.

Akahesabu kwa vidole: Jumamosi kumi na moja amejenga ukuta huo, na Jumamosi kumi na moja ameukuta umevunjwa. Kwanza alidhani ni wavamizi wa mchezo, akaongeza mawe. Kisha akasema wavamizi hawawezi kurudisha mbao kwenye miti, na yeye akirudi anakuta hata miti aliyoikata imesimama tena. Mvamizi gani anapanda miti? Huyo ni mtu wa karibu, mwenye muda, anayekaa nyumbani mchana. Akaniangalia mpaka nikatamani niwe na kazi ofisini.

Nikamwambia twende kwenye daftari. Akasema yeye hasomi maelekezo, fundi halisi hufungua kitu akakiona. Nikamwambia basi mimi nisome, yeye asikilize kama redio. Nikaanza ukurasa wa kumi na tatu, ule niliouona hauna haja. Nikaendelea mpaka wa mwisho, wenye tarehe ya siku moja kabla hujaondoka. Nakunukuu mwenyewe:

"Wavamizi wamevunja mashariki. Zimebaki mbao tisa. Nitatengeneza nikirudi. KUMBUKA: kitanda ndicho kinachohifadhi mchezo. Usipolala, hakuna kilichofanyika."

Mstari wa mwisho uliupigia mistari miwili chini yake.

Baba yako akavaa miwani, akaja kuhakikisha kwamba sijaongeza langu. Akasoma kimya, midomo inacheza. Kumbe kila alipochomoa waya, kila jiwe lilirudi mtoni. Amejenga ukuta mmoja mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja haujawahi kujengwa. Na hakuna mtu aliyeubomoa, si yeye, si mimi, wala si dada yangu, ambaye sasa nimemfuta kwa wino.

Nikadhani yamekwisha. Nikamwambia basi, jenga, kisha mlaze shujaa kitandani, twende tukale. Akajenga. Mara ya kumi na mbili alijenga haraka, mkono umezoea. Akafika mlango wa chumba chako, akasimama.

"Kitanda kipo kimoja tu?"

"Kimoja."

"Cha mwanangu."

"Ndiyo cha mwanao."

Akaweka pedi kwenye zulia. "Baba halali kitanda cha binti yake."

Nikamwambia shemeji, ile ni picha. Akasema hata ukuta ni picha, mbona tumeugombania? Nikamwambia huyo anayelala ni shujaa wa binti yako, ndiye mwenyewe mwenye kitanda. Akanionyesha vidole gumba vyake viwili vyenye makovu ya nyaya. "Anayemlaza ni nani?" Akanieleza kwamba tangu Desemba, kila akisogea karibu na kile kitanda, neno "lala" linatokea kwenye kioo, naye huwa anarudi nyuma hatua tatu. Alidhani ni mtego wa kumpima adabu.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mwanamume aliyesema havilindi vitu vyako alivilinda Jumamosi kumi na moja, vikamponyoka zote, kwa sababu ya heshima. Ningekuwa na la kucheka ningecheka. Nilikwenda kuleta maji ya kunywa, yangu na yake.

Mama yako, aliyekuwa mlangoni muda wote na sisi hatuna habari, akauliza kwani kitanda kingine hakitengenezwi. Kinatengenezwa. Ukurasa wa kumi na tisa: mbao sita, kamba mbili, ngozi ya swala moja, na lazima kiwe chini ya paa. Mbao na kamba zilipatikana. Swala alitutoa jasho. Baba yako akimsogelea swala anakanyaga kila kijiti cha msitu, kama anavyotembea humu ndani na buti. Nikachukua pedi mimi, mtu wa mkono mwepesi, nikamkosa swala mara nne, kisha nikafukuzwa na mbwamwitu mpaka ndani ya mto, na dada yangu akanishauri nirudi kwenye saa, ambazo hazikimbii. Mwishowe yeye ndiye aliyempata. Mama yako, kwa pedi ileile, mkono mmoja ukiwa bado una mwiko. Mshale mmoja. Akaturudishia pedi, akaenda kutazama chungu chake. Sijui amejifunzia wapi, na jambo hilo nalifuatilia.

Nilidhani kitanda kitawekwa ukumbini, penye moto. Baba yako akakataa. Alijenga kibanda kidogo getini, ndani ya ukuta, paa la mbao nne, na kitanda akakiweka humo, kichwa kikielekea nje. Akamlaza shujaa. Kioo kikawa cheusi, pembeni kigurudumu kidogo kikazunguka, akawa tayari ameshanyoosha mkono kuelekea ukutani kwenye waya. Nikamshika kiganja. Tukakaa hivyo, watu wazima wawili tumeshikana mikono, mpaka maneno yakatokea kwamba mchezo umehifadhiwa. Akasema, "Sasa?" Nikamwambia sasa. Akachomoa.

Leo asubuhi, kabla sijaanza barua hii, nimewasha kuhakiki. Ukuta upo. Nimeupiga shoka mara mbili kuthibitisha, samahani, ukatikisika ukabaki.

Nina neno moja nililolishuhudia na sijalipatia ushahidi mwingine. Lile bango lake la nje, "FUNDI UMEME NA BINTI", ulilokuwa ukilionea aibu, alilipaka rangi upya mwezi uliopita. Nilimvizia nione kama ataruka maneno mawili ya mwisho. Hakuyaruka. Aliyarudia mara mbili, maana ndiyo yaliyokuwa yamefifia zaidi.

Hajaniambia nikuandikie, na akijua ataniuliza koleo langu linafanya nini kwenye mambo yake. Kusema hatasema. Wewe mwenyewe unajua ulikoitoa hiyo tabia. Nami sikulazimishi. Ila chumba chako kina shuka safi tangu jana jioni, na ukifikia kwa rafiki, nitalazimika kumweleza sababu, na sababu ni mimi. Tuandikie basi mistari yako miwili, mingine.

Nisalimie binamu yako fundi viatu unayekaa naye, mwambie saa yake aliyoniachia inatembea, ila kwa mwendo wake. Msalimie na shangazi yako mkubwa ukimpigia. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula. Mungu aikaze kamba ya kila lifti unayoingia, akurudishe salama, mizigo yako ikiwa mlangoni kwa kuingia safari hii.

Ni mimi mjomba wako akupendaye, kwa jicho lenye lenzi na lile lisilo nayo,

Fundi Saa wa Uani.

N.B. Nimerudia kusoma ukurasa wa kumi na tisa. Mchezo unakumbuka kitanda kimoja tu, kile kilicholaliwa mwisho. Ukiuwasha, utaamkia kwenye kitanda cha baba yako.